Goli Langu la Kurusha

Jumapili usiku

Na nilivyokimbia nikishangilia peke yangu! Hata sasa nikikumbuka naona aibu.

Leo wanawake wa jumuiya yetu hapa Mkumbi tulicheza na jumuiya ya bondeni. Mpira ulitoka nje, nikaurusha kwa hii mikono iliyozoea kuvuta nyavu kwetu ziwani. Ukapita juu ya wote mpaka golini. Kipa wao aliuachia tu, mikono kiunoni. Nikadhani ameuogopa.

"Mpira wa kurusha ukiingia moja kwa moja bila kuguswa na mtu, si goli," refa akasema. "Kipa, anza."

Wakacheka wote, wetu na wao. "Huyu Mnyasa anadhani anatupa nyavu!"

Tangu niolewe huku mlimani sijapata hata mmoja wa kupiga naye soga. Baba Neema yuko Songea kwenye vibarua, leo tena hajapiga simu. Nilienda mpirani nikitumaini labda... basi tu. Nikamchukua Neema kwa mama mkwe pale pembeni ya uwanja, nikaondoka.

Mama Orestina, jirani yetu, akanikimbilia akihema. "Wifi, unakwenda wapi? Mpira bado!"

"Mnanicheka."

"Hata mimi nimecheka. Rudi. Ukirusha tena nitafute mimi pale golini, nipige kichwa."

Nikamrudisha mtoto kwa bibi yake.

Tumefungwa. Kila nilichomrushia alikipiga nje, na kila alipokosa aligeuka akapaza sauti, "Tena, Mama Neema! Nirushie tena!"