Fundi Niliyemwachisha Kazi

Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na usingizi umerudi. Huku watoto wazima, wanakula hadi sufuria inalia. Mimi nami nipo, ila kichwa kinaniuma, na anayekiumiza ni mwanao.

Unakijua kiwanda chetu kidogo cha kutia vitambaa rangi, alichoniachia marehemu baba. Maji ya huku yana chokaa. Ukiyachemsha yanaacha ukoko mweupe, uleule wa ndani ya birika, na tangi la rangi ni birika kubwa tu. Ukoko ulishika mabomba ya joto hadi tangi likawa halichemki mpaka adhuhuri, mafuta yanateketea bure. Ukibanduka, vipande vinagandia kwenye kitambaa. Vitambaa vya sare vya buluu vikatoka na madoa kama ngozi ya chui. Mteja akavirudisha vyote.

Nilimwambia mwanao, maana ndiye fundi wetu, tuuyeyushe ukoko taratibu kwa asidi ya ndimu na maji ya uvuguvugu. Akanijibu kwamba chuma hakibembelezwi. Akaingia na nyundo. Bomba likapasuka, rangi ikafurika, na wafanyakazi wakashinda wiki nzima na miguu ya buluu. Mama, yeye akacheka!

Bomba lilipokwisha kuchomelewa, nikavaa glavu nikaifanya kazi mwenyewe. Nilizungusha asidi humo hadi povu likakoma, nikasuuza, chuma kikang'aa. Kisha nikafunga mtambo wa kulainisha maji, ule unaotiwa chumvi, ili chokaa inaswe humo isifike kwenye tangi. Nikamwomba jambo moja tu: maji yote yapitie kwenye mtambo. Akaapa.

Juzi madoa yakarudi. Nikalifuata bomba la maji hadi nyuma ya ukuta, nikakuta ameunga njia ya pembeni, maji yanaukwepa mtambo. Nilipomuuliza alisema mtambo unatoa maji tone kwa tone tu, na yeye hana subira ya mjamzito. Subira ya mjamzito! Ananiambia mimi, niliyemzalia watatu!

Kesho atafika kwako na atakuambia yuko likizo. Si likizo, mama. Nimemwachisha kazi. Mume sijamwacha, wala sina nia hiyo, nimemwacha fundi. Ila nilimfukuza mbele ya wafanyakazi wote, tena kwa kelele, na hilo hakustahili. Alivua ovaroli, akaikunja vizuri, jambo ambalo nyumbani sijaliona tangu tuoane, kisha akaniuliza kwa upole leo nani atawachukua watoto shuleni. Nikageukia ukutani nisionekane ninavyolia.

Umpokee, umlishe, umseme kidogo. Jumapili umrudishe, maana nyumbani kwake anatakiwa. Kiwandani asikanyage.

Wajukuu wanakusalimu, na mdogo anataka ujue kwamba jino limeng'oka.

Mkweo akupendaye,
Mama Watoto