Barua Ulizozikwa Nazo

Mama mpendwa,

Mdogo wangu Chebet alinipigia simu kutoka Kaplong akaniambia kwamba walipokuzika, barua zangu zote ziliwekwa chini ya mikono yako, zimefungwa kwa kitambaa. Alidhani atanifariji. Niliweka simu chini nikakaa sakafuni, kwa sababu barua zile, Mama, nyingi zilikuwa uongo.

Unikasirikie kwanza, halafu unisikilize.

Unakumbuka mwaka ule wa tisini na nne, masista waliponitafutia kazi ya kumtunza bibi mmoja mzee hapa Gozo, kisiwa kidogo cha Mediterania. Tulikuwa shambani tukichuma chai, umevaa aproni yako ya nailoni, umande umekulowesha hadi kiunoni. Hukulia. Ulichuma majani mawili na chipukizi, ukayatupa kikapuni mgongoni, ukasema, "Usiniandikie habari ya kazi. Kazi naijua. Niandikie hiyo maji."

Tangu nifike hadi ulipofariki sikuyakaribia maji hayo. Nilikuwa na nusu siku kila Jumapili, lakini niliogopa. Sisi tumezoea mito ya kuvuka kwa mawe. Bahari unaitazama na huoni ng'ambo. Jikoni kwa bibi palikuwa na kalenda yenye picha za pwani ya kisiwa. Kila mwezi nilipogeuza ukurasa, nilikuandikia picha ile kana kwamba nimetoka huko jana.

Nawe ukazipeleka barua kwenye banda la kuuzia majani. Karani wa chai akawasomea kwa sauti mkisubiri lori, na ndiye aliyekuandikia majibu. "Hiyo pango uliingia na mashua, giza iko aje? Na hiyo maji iko na mwisho ama inaenda tu?" Nilicheka, nikadanganya tena.

Sasa siwezi kukufukua nizichukue. Basi niliamua nikiwa bado pale sakafuni: nitazifanya ziwe kweli, moja baada ya nyingine.

Nilianza na chumvi. Nilikuandikia kwamba huku wamechonga vijibwawa kwenye mwamba, maji ya bahari yanakaukia humo na kuacha chumvi, na kwamba mvua hunyesha kila mchana, chumvi inazaa vizuri. Mvua kwenye picha haikuwepo. Niliiongeza mwenyewe, maana sikuweza kufikiria watu wakivuna kitu chochote bila mvua. Jumapili iliyofuata nikaenda huko, nikamkuta mama mmoja akifagia chumvi, mgongo umepinda kama wako. Nikamsalimu kwa heshima zote, nikamwombea Mungu ampe mvua nyingi.

Aliangusha ufagio, akafanya ishara ya msalaba. "Mvua? Ikinyesha, kazi yangu yote inayeyuka! Wewe umetoka wapi?"

Nikamwambia natoka mahali ambapo mvua ikikosekana wiki mbili, majani yanakuwa magumu na majirani wananuniana. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa chumvi kwenye mfuko wa karatasi. Kwa hiyo ile mvua, Mama, ifute.

Halafu nikaenda pangoni. Giza lake si giza. Maji chini ni ya buluu inayowaka kama moto wa stovu. Nilishika ubao wa mashua kwa mikono miwili, nikaomba kwa Kikipsigis kwa sauti kubwa. Mwenye mashua alidhani naimba, akanipigia makofi.

Uongo ule mgumu niliuacha mwisho. Nilikuandikia kwamba nimeingia baharini hadi shingoni. Jana nilikwenda kwenye ufuo wa mchanga mwekundu, rangi ya udongo wa shamba letu, nikaingia na gauni langu. Maji yalipofika kiunoni miguu ilinikatalia. "Nilimwambia mama shingoni," nikasema kwa sauti, "basi ni shingoni." Watoto waliokuwa wakiogelea walinikodolea macho. Nikaenda mpaka maji yakagusa kidevu, na hapo ndipo nilipokulilia, kwa mara ya kwanza tangu ufe. Hayana mwisho, Mama. Yanaenda tu.

Umebaki uongo mmoja, niliokuwa nikiuandika chini ya kila barua kabla ya kulamba bahasha: "Usiwe na wasiwasi, nimeshazoea huku." Binti wa bibi aliniletea karatasi za kuongeza mkataba wangu wa kazi kwa miaka miwili. Ni watu wema, wananitaka, na kama ningetia sahihi, huenda siku moja maneno yale nayo yangekuwa kweli.

Huo nimekataa kuufanya kweli. Leo asubuhi nimemrudishia karatasi zake bila sahihi. Sijazoea, Mama. Sijazoea hata siku moja.

Pumzika. Niko njiani kurudi nyumbani.

Binti yako wa kwanza