Kiprugut, Uliyeulisha Udongo wa Mferejini

Mwaka mmoja umetimia leo, tarehe 9 Machi 1958, tangu kichomi kikutenge nasi, mpendwa wetu Kiprugut arap Sigei wa Njoro. Hatujazoea. Mkeo Cheptanui bado hukutengea mursik, maziwa yako ya kibuyuni, kisha anakumbuka.

Ulikamua ng'ombe wa mzungu miaka kumi na sita, na hukuwahi kumpiga ng'ombe wala mtoto. Kanisani uliimba kwa sauti mbovu, nasi tukakuonea haya. Leo tungeipokea hata hiyo.

Kiwanda cha ngozi kilipofunguliwa kule juu mtoni, maji ya mfereji wetu yalianza kuja na chumvi na uvundo, na mengine hatukuwa nayo. Shamba likafanya ukoko mweupe. Majirani wakahama. Wewe ukachimba shimo nyuma ya nyumba, ukalijaza samadi, majani makavu, na makapi ya pareto uliyobeba kwa gunia kutoka Nakuru. Kaka yako Kimaiyo akakucheka: "Wewe unalima ama unafuga nzi?"

"Udongo uko na njaa," ukamjibu. "Mwenye njaa unampiga na jembe ya nini? Mpe chakula kwanza."

Samadi ilipoiva uliitia shambani kila msimu, na msimu wa tatu ulituita sote kutuonyesha nyungunyungu aliyerudi udongoni. Nyungunyungu mmoja tu, na ulifurahi kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa ndama. Mwaka ule tulikula mahindi yetu wenyewe hadi mavuno mengine.

Sasa tukuambie jambo lililotulemea. Siku uliyofariki, waombolezaji walikuwa njiani, nasi tuliona aibu boma kunuka. Tuliitoa samadi yote shimoni, ikiwa imeiva, tukaichoma moto, tukafukia shimo na kufagia. Wageni walisifu usafi wetu. Majuto ni mjukuu. Mvua zilichelewa, tukafungulia mfereji, na mahindi yalipofika magotini yakageuka manjano. Ukoko umerudi. Tulichoma kazi yako hata kabla hujazikwa. Tusamehe, Kiprugut.

Cheptanui amelichimba shimo upya, na tumelijaza. Lakini ulikuwa ukiligeuza baada ya siku ngapi? Ulijuaje kwamba samadi imeiva? Miaka yote ile ulikuwa hapa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza.

Unakumbukwa na mkeo Cheptanui, wanao Zeddy, Kipsang na Jelagat, kaka yako Kimaiyo, na wakamuaji wenzako wote.

Tutakukumbuka daima, baba wa nyumba hii.