Karatasi ya Gavana

JVC, Dubai
12 Juni 2022

Mpwa wangu Damaris,

Pokea salamu za mtu ambaye jengo zima la ghorofa ishirini na nne halilali kabla hajasema khalas, yaani basi. Mguu wa mamako unaendeleaje?

Nasikia watu wa chama cha Jembe wamekunyima tiketi kwenye mchujo, na sasa unautafuta ugavana bila chama. Wasikutishe. Mkubwa wao mmoja alifikia hapa kwangu mwaka juzi. Nilimbonyezea lifti kwa kidole hiki, akaniita sir. Nikikohoa, chama kinashtuka. Sema tu unachotaka.

Mjomba wako,
Gibson

Nyumbani
26 Juni 2022

Mjomba mpendwa,

Hatujambo, ila mguu wa mama bado umevimba, anatembelea fimbo. Joto la huko halijakuchosha?

Mambo ya hapa unayajua. Jembe wakikupa tiketi, umeshakuwa gavana. Siku ya kura ni sherehe tu. Kituo chetu hakijawahi kumpa mtu mwingine hata kura kumi. Ukoo unaniambia, "Mwalimu, tunakupenda, lakini tutakuwa tumetupa kura." Halafu wanaongeza kwamba Gibson akitoka Dubai aje asimame foleni, nao watasimama.

Naomba hilo tu. Njoo tarehe tisa Agosti. Usilete zawadi.

Mpwa wako,
Damaris

JVC, Dubai
3 Julai 2022

Damaris,

Mzima mimi, joto linaniogopa. Nimemwambia arbab, bosi wangu, nchi yangu inaniita, akanipa likizo papo hapo. Waambie ukoo wajipange nyuma yangu na wasisukumane.

Mjomba wako,
Gibson

Nyumbani
14 Agosti 2022

Mjomba,

U mzima kweli? Simu yako haipatikani.

Nimeshindwa. Kaunti ni ya Jembe, kama kawaida. Lakini sikia ya kituo chetu.

Ukoo ulikaa ukutani mwa shule tangu asubuhi, macho barabarani. Kufika saa nne, hujaja. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mama akainuka na fimbo yake, akaenda kusimama kwenye foleni. Karani akamwambia wazee hawapangi foleni, apite apige kura akapumzike. Akakataa.

"Nimeshika nafasi ya Gibson," akasema. "Wa kwetu wakiisha ndipo nitapiga."

Alisimama hadi saa tisa, akiwapitisha watu mbele yake. Waliokuwa wameondoka wakarudi.

Jembe 188. Mimi 241. Karani alisoma mara mbili.

Mama anauliza kama unakula vizuri.

Damaris

JVC, Dubai
22 Agosti 2022

Damaris,

Mwambie dada yangu nakula.

Barua yako nimeisoma kwa sauti langoni. Jaafar wa Unguja, mlinzi mwenzangu ambaye hunicheka kila siku, alisimama wima akavua kofia. Mimi nilibaki nimekaa. Miaka kumi na saba nahadithia habari za wakubwa, na sijamwona mkubwa hata mmoja aliyemshikia mtu nafasi saa tano kwa mguu uliovimba.

Likizo nilipewa. Ila Januari, uliposema unautaka ugavana, nilihamishia jina langu kituo cha Dubai ili nikupigie kura kwa kishindo. Nikaona aibu kuja kusimama foleni ambayo jina langu halimo.

Siku yenyewe nilivaa suti. Nikapewa karatasi moja, ya rais. Nikaomba ile ya gavana. Binti wa mezani akasema sisi wa huku hatupewi. Nikamwambia achungulie chini ya meza.

Akachungulia, kwa heshima ya suti.

Mjomba wako,
Gibson