Sikumuuliza mama

Shoga, nimetoka sasa hivi ofisini kwa mhadhiri wa historia, nimejifungia chooni. Sijui nitauweka wapi uso wangu.

Ule utafiti wangu wa kiwanda cha nguo, niliokutambia wiki nzima. Kafungua ukurasa wa nne, akanisomea taratibu: "Wafanyakazi wanawake hawakuwahi kugoma." Akauliza, "Nani kakwambia?"

Nikamjibu ni ripoti ya meneja.

"Meneja peke yake? Hakuna hata mwanamke mmoja aliye hai wa kuulizwa?"

Shoga, na wewe unajua mama kasokota nyuzi mle kiwandani miaka kumi na sita. Mikono ile ndiyo iliyonisomesha, na sikumuuliza hata swali moja. Nilijiambia kaishia shule ya msingi, atanieleza nini.

Mhadhiri nimemwambia tu kwamba nitaandika upya. La mama sikuthubutu.

Nimempigia mama humu humu chooni, nikamuuliza kama waliwahi kugoma. Akasema, "Mara mbili. Mgomo wa pili nilikuwa na mimba yako. Nilidhani mambo yetu yale hayakuhusu, mwanangu."