Mlo Mmoja kwa Siku

Jumatano, saa kumi na moja jioni. Hapa Kawempe, Kampala, mvua imenyesha tangu asubuhi, na sijaenda dukani.

Jana tulirudi kutoka Gulu, tulikokwenda kumzika mama mkwe wangu. Kesho mume wangu, ambaye ni polisi, anarudi kwenye kituo chake mpakani. Kuna jambo asilolijua, na nimebakiwa na jioni hii tu ya kumwambia. Naandika hapa kwanza kwa sababu mimi ni mwoga.

Miezi mitatu iliyopita nilianza kufunga. Usidhani ni maombi. Ni tumbo. Sisi Wakenya tunaouza vitenge soko la Nakivubo tuna kundi letu la simu, tukahimizana: mlo mmoja kwa siku, saa kumi na mbili jioni, na kutwa nzima ni maji na chai ya rangi. Kilo nne zilitoka wiki tatu za kwanza, nikajiona nimeiweza dunia. Kisha mzani ukagoma. Mteja wangu mmoja, muuguzi, alinicheka. Alisema nyingi kati ya zile kilo zilikuwa maji, na kwamba jioni nilikuwa nakula milo mitatu kwenye sahani moja. Mwili hauhesabu sana umekula mara ngapi, alisema, unaangalia umekula kiasi gani. Ukiunyima kupita kiasi nao unabana matumizi, na misuli inaliwa pamoja na mafuta. Nikaona ananionea wivu, nikaendelea.

Mama mkwe alikuwa anaishi nasi. Kabla ya hapo, kila asubuhi nilipika katogo ya ndizi na maharage, tukala sahani moja mimi na yeye kabla sijatoka. Hakuwahi kutangulia kula kabla ya aliyepika. Nilipoanza kufunga nikawa namwachia chake mezani, namwambia sina njaa.

Niliona haya kumwambia ukweli. Wakati wa vita kule kwao Gulu aliishi miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi, akilea watoto kwa mlo mmoja, na wala hakuuchagua. Ningemwambiaje kwamba mimi nakikimbia chakula ili gauni linikae vizuri?

Basi akajitafutia sababu mwenyewe.

Aliamini chakula kimepungua nyumbani. Ile sahani ya asubuhi akawa anaifunika, anawagawia wanangu wakirudi shuleni, naye anangoja jioni ale pamoja nami. Vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari aliendelea kuvimeza kila asubuhi bila kukosa, tumboni hamna kitu. Mimi nikirudi nakuta sahani imeoshwa, nafurahi kwamba mzee anakula.

Siku alipoanguka, jirani ndiye aliyenipigia simu. Daktari alisema sukari ilishuka mno, na mwili wa mzee hauna akiba ya kujitetea. Aliishi siku tatu. Siku ya pili alipata fahamu kidogo, nikamuuliza kwa nini hakuwa akila. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha mke wa askari, alichojifunza kwa marehemu mumewe.

"Wewe ulikuwa nasema huna njaa. Hata mimi nilikuwa naambia watoto hivo, chakula ikiwa kidogo."

Kule Gulu mawifi zangu walinishika mikono wakilia. Walisema nimekonda kwa kumuuguza mama yao, wakanipa kiti cha mbele. Nilikikalia.

Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Nimeacha simu hapa, nikaenda kumwambia. Sasa nimerudi. Nilimkuta anapiga pasi sare yake. Nimemweleza yote, kundi la simu, tumbo langu, sahani ya asubuhi, na uongo wangu. Hakupaza sauti. Aliendelea kupiga pasi mkono ule ule wa shati, kisha akaniuliza mama alikuwa anakula mara ngapi kwa siku. Nikamwambia mara moja.

Akazima pasi.

"Hiyo ndiyo tulikuwa tunakula kule kambi," alisema. "Mimi nilimleta Kampala ndio akule."

Kisha akaingia chumbani. Kesho alfajiri anaondoka. Nitaamka nimpikie, nami nitakaa mezani nile naye, kama atakubali kukaa na mimi.