Runinga Uliyoikataa

Baba watoto,

Huku hatujambo. Fundi amemaliza kupaka rangi sebule, na ile runinga bapa tumeshaitundika ukutani, mkabala na kiti chako.

Uliponipigia nikiwa dukani nikakutajia niliyoipenda, ulinikatiza: "Hiyo achana nayo, spika zake dhaifu. Mtoto akilia husikii kitu." Kisha ghafla ukaniuliza habari za mvua.

Mtoto yupi, mume wangu? Kitinda mimba wetu ananyoa ndevu. Mwaka mzima unaniambia huko unalala chumba kimoja na wafanyakazi wenzako.

Nimenunua hiyo hiyo. Humu ndani hakuna anayelia, kwa hiyo tunaisikia vizuri tu.

Ni mimi,
mama wa wale wakubwa